Glavu za Viraka

"Dawa umeijuaje, kama ugonjwa huujui?"

Mama Cherehani aliuliza tena, ameegemea meza ya kukatia vitambaa, mkono wa kulia kauinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Akiushusha tu, damu ilikimbilia vidoleni na maumivu yakaanza kugonga kama nyundo. Mbele yake mumewe alikuwa anatafuta soksi ya pili, au anajifanya anaitafuta. Ya kwanza alikuwa ameishika mkononi muda wote.

"Nimeshasema, ni mafuta ya kupoza. Kazini tunayo. Mtu akiungua na chai, anapaka."

"Chai."

"Ndiyo, chai. Au chochote."

"Jana zahanati nimepewa vidonge, havikufua dafu. Nimepakwa dawa ya njano, sawa na kupakwa maji. Wewe unakuja na kikopo cha mafuta ya nywele, ndani mna ute mzito usio hata na harufu. Unavaa glavu za plastiki, unanisugua. Glavu, baba watoto! Mwanamume gani anampaka mkewe mafuta ya chai kavaa glavu? Na mara maumivu yakatulia, nikasinzia nimekaa. Halafu unaniambia ulibahatisha."

"Nilibahatisha."

"Anayebahatisha hasemi, 'Sugua mpaka maumivu yaishe, yakirudi anza upya.' Hayo ni maneno ya mtu aliyefundishwa."

Pazia la chumba cha ndani likatikisika. "Nyie wawili," sauti ya mama mkwe ikatoka, nzito ya usingizi. "Mtu kaletewa dawa, badala ya kusema ahsante anamweka mwenzake kizimbani."

"Shikamoo mama. Hili ni la kwangu na mwanao."

"Marahaba. La kwako na mwanangu mnaliongea kwa sauti ya mnada."

Siku nyingine Mama Cherehani angecheka. Alimpenda bibi huyu, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza. Lakini vidole vitatu vya mkono wake, gumba, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimevimba, ngozi imekuwa nyeupe kama iliyochemshwa, na chini ya kucha palikuwa na weusi wa kijivu uliokuwa ukipanda taratibu kuelekea mzizi. Hivyo ndivyo vidole vinavyoshika sindano. Hivyo ndivyo vinavyosukuma kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine.

Akamsogelea mumewe. "Jana daktari aliniuliza mimi. 'Mama, ulishika nini?' Nikafungua mdomo nijibu, ukajibu wewe. 'Sabuni ya unga, daktari, ile kali.' Nikasema moyoni, mume wangu ananihurumia, ananisemea. Kumbe ulikuwa unaniziba mdomo."

Soksi ikamtoka mkononi. Mumewe, ambaye vijana wa mtaani walimwita Mkemia kwa sababu ya koti lake jeupe, alikaa juu ya stuli ya cherehani, magoti yake yakagonga chuma. Alikuwa mtu mrefu mwenye aibu ya watu warefu, anayependa kuinama hata penye dari ya kutosha.

"Ni zile glavu," alisema.

Mama Cherehani hakuelewa, kisha akaelewa, na alipoelewa aliona afadhali angebaki vilevile.

Kituo cha utafiti alichofanya kazi mumewe kilitengeneza vyuma vya kuungia mifupa: misumari, vibamba, na vichwa vya nyonga. Chuma kikitoka kwa mchongaji kinang'aa kama kijiko kipya, na mfupa haupendi kitu kinachong'aa, unateleza. Kwa hiyo kinatumbukizwa kwenye bafu la asidi mpaka uso wake uliwe, uwe na vishimo visivyoonekana kwa macho, na mfupa ukikutana nao unaota ndani ya vile vishimo na kushika. Profesa, mkuu wa kituo, sasa alikuwa anatafuta vishimo vidogo zaidi, vya kubebea dawa ya kuzuia usaha, na watu walivuka bahari kuja kumsikiliza. Mkemia ndiye aliyekuwa anatumbukiza na kutoa.

Glavu za kazi hiyo ni nene, nyeusi, zinafika kwenye kiwiko. Zilizokuwepo zilitoboka. Mpya hazikuja, kwa kuwa kituo kilikuwa kimenunua hadubini inayojaza chumba kizima, ambayo kila mgeni alipiga picha pembeni yake, na glavu hakuna anayepiga picha nazo. Mkemia akajitolea: mke wake ana mikono ya dhahabu, kiraka chake hakipitishi maji. Profesa alicheka akasema vizuri sana, huo ndio ubunifu. Tangu hapo wenzake nao wakawa wanamjazia mfuko glavu zao. Mama Cherehani alizipuliza kama puto, akazisokota mdomo, akazizamisha kwenye beseni na kutazama mapovu yanatokea wapi. Penye tundu alikwaruza kwa msasa, akabandika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwa gundi ya pancha. Tundu likiwa kwenye ncha ya kidole, aliingiza mkono mtupu ndani ili mpira ukazane. Alizianika uani kwenye kamba na akajisikia kuwa naye yumo kwenye sayansi.

"Huwa unazisuuza kabla hujaleta," alisema.

"Huwa nazisuuza kwa maji ya chokaa. Mara nyingi. Siku ile..." Mkemia alijifuta midomo. "Siku ile wafadhili walikuja kabla ya muda. Profesa akaingia mbio, akasema, 'Toa hizo takataka, wasije wakaona viraka.' Nikazisukumiza kwenye mfuko. Ndani ya jozi moja kulikuwa na majimaji ya asidi yameingia. Mimi ndani huvaa nyembamba nyingine, sikusikia kitu."

"Ndani huvaa nyembamba."

"Ndiyo."

"Na mimi hukuniambia nivae nyembamba."

"Zinakuwa zimesuuzwa, mke wangu! Nilijua zimesuuzwa..."

"Ulijua hazijasuuzwa. Umesema sasa hivi kwa mdomo wako."

Nyuma ya pazia kitanda kililia, dalili kwamba bibi ameinuka kuketi ili asikie vizuri.

"Nilikumbuka usiku," alisema Mkemia. "Nikakuangalia, ukawa unacheka na watoto, huna neno. Nikasema labda hukuigusa. Asidi hii si kama nyingine. Nyingine inakuunguza hapo hapo, unaruka, unanawa. Hii inaingia kimya. Inapita nyama, inatafuta madini ya mfupa, kalsiamu. Mtu anaanza kulia kesho yake."

"Na ulipoona nalia kesho yake?"

Mkemia aliinama akaokota soksi, akaanza kuivaa. Alisema ute wa kikoponi ni wa kituoni, una hiyo kalsiamu, asidi ikishikana nayo inaacha mwili. Aliuchota kidogo kutoka kwenye kasha la dharura ili mtunza stoo asigundue. Leo angechota tena. Alisema wiki hii wafadhili bado wapo, na wakisikia asidi ile imetoka nje ya chumba chake, imefika nyumba ya watu, watafunga kila kitu na yeye ndiye wa kwanza kutimuliwa. Kisha akapunguza sauti na kuelekeza kidevu kwenye pazia. "Na mama yupo kwenye orodha ya mwezi ujao. Nyonga ya pili."

Hapo ndipo Mkemia alipompata mkewe. Nyonga ya kwanza ya bibi ilikuwa kazi ya kituo kile, bure, kwa kuwa alikubali kuwa mmoja wa watu wa majaribio. Kabla ya hapo alikuwa anatambaa kwenda chooni, na Mama Cherehani ndiye aliyekuwa anambeba akikwama njiani, akigeuza uso pembeni ili mzee wa watu asione kwamba anaonwa.

"Asidi inaitwaje?"

"Ya nini kujua jina?"

"Imo mwilini mwangu. Nataka kujua mgeni wangu anaitwa nani."

Akamtajia. Hidrofloriki. Akamtajia tena. Mama Cherehani akalirudia kama mtoto anayefundishwa kusoma, mpaka likakaa ulimini.

"Nakupa mpaka mchana," alisema. "Uje na dawa ya kutosha. Usipokuja, nakwenda mwenyewe."

Mkemia alitoka mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

&nbsp;

Ute ulikwisha kabla jua halijapanda. Mama Cherehani alikomba kikopo kwa kijiti, akasugua, maumivu yakarudi nyuma hatua moja na kusimama hapo hapo, chini ya kucha, mahali ambapo kijiti hakifiki. Alijaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mkasi ulikwenda upande kama mlevi. Akauacha.

Mlangoni akaja mwalimu wa shule ya jirani kuulizia sare za kwaya. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, ambaye kila siku alisema anapungua na kila mwezi alikuja kupanuliwa magauni.

"Hodi fundi! Usiniambie bado."

"Karibu mwalimu. Bado. Nimeumia mkono."

Mwalimu alichungulia, tabasamu likamganda. Akarudi hatua moja, akavuta ushungi wake puani. "Mh! Hiyo ni nini? Haiambukizi?"

"Nimeungua tu."

"Kuungua gani kunafanya kucha nyeusi? Pole. Pole sana." Macho yake yalishafika kwenye rundo la vitambaa juu ya meza. "Ulivishika hivi?"

"Nilivikata kabla."

"Maana ni watoto wa watu, unajua tena, mzazi mmoja akisikia tu..." Akavikusanya kwa ncha za vidole, akiviweka kwenye mfuko wa plastiki kimoja kimoja, kama anaokota vifaranga waliokufa. "Nitampa yule fundi wa kona. Si kwa ubaya. Ukipona tutaonana."

"Yule wa kona atawashonea mikono miwili ya kushoto."

"Afadhali ya kushoto kuliko ya ugonjwa, mwenzangu," alisema mwalimu, akicheka ili ionekane ni utani, akaondoka haraka.

Mama Cherehani akabaki anatazama meza tupu. Pazia likafunguka. Mama mkwe alitoka na fimbo yake, mguu mzima mbele, mguu mbovu ukiburutwa nyuma kama gunia.

"Nilisikia yote asubuhi," alisema.

"Najua, mama."

"Mwanangu amekosa. Simtetei." Alikaa taratibu, akapumua. "Lakini nikwambie kitu. Wewe hujawahi kuwa mzigo. Hujui. Mtu anakubeba, unamshukuru, unamshukuru, mpaka shukrani inakuwa kama matapishi mdomoni. Ile siku niliposimama mwenyewe chooni, nilifunga mlango nikalia. Nina nusu ya utu wangu, mwanangu. Nusu nyingine ipo kwenye ile orodha."

Mama Cherehani aliutazama mkono wake. "Na mimi, mama? Utu wangu upo hapa kwenye vidole vitatu."

"Vya kwako vitapona. Wewe kijana."

"Nani kakuambia vitapona?"

Bibi alichukua kanga iliyokuwa kwenye kiti, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

&nbsp;

Mchana Mkemia alirudi, lakini hakurudi peke yake. Gari lilishindwa kuingia uchochoroni, likaachwa barabarani, na Profesa akaja kwa miguu, akiruka madimbwi kwa viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko dirisha lolote la mtaa ule. Nyuma yake dereva alibeba kapu la matunda lililofungwa utepe. Watoto wa majirani wakamfuata dereva. Nyuma kabisa, kichwa chini, Mkemia.

"Hodi shemeji!"

Mama Cherehani hakujua alianza lini kuwa shemeji wa Profesa. "Karibu," alisema.

Profesa alikaa kwenye kochi, akalisifia. Akasifia nyumba, kwamba ina hewa. Akamwamkia bibi, akamuuliza nyonga inaendeleaje, na bibi akasimama kumwonyesha, akatembea kutoka kochi hadi mlango na kurudi, jasho likimtoka. Profesa akapiga makofi kidogo. Mkemia akaenda jikoni kuwasha jiko la chai bila kuambiwa na mtu. Katika miaka yote ya ndoa yao, Mama Cherehani alikuwa hajawahi kumwona akijua kiberiti kilipo.

"Nimeambiwa leo asubuhi," alisema Profesa. "Mtunza stoo aligundua dawa imepungua, nikamwita kijana wangu, akanieleza kila kitu. Nimesikitika sana, shemeji. Sana. Nikasema hapana, kwa hili situmi mtu, naenda mwenyewe."

"Kwako ameeleza," alisema Mama Cherehani. "Kwa daktari hakueleza."

Jikoni kikombe kiligongana na kikombe.

"Tusilaumiane. Tutafute njia. Nina rafiki yangu, bingwa wa ngozi, ana kliniki yake. Atakuhudumia vizuri, bila foleni, bila maswali. Yupo safarini, anarudi kesho kutwa."

"Kesho kutwa."

"Kesho kutwa asubuhi na mapema."

Mama Cherehani alishusha mkono kutoka juu, akaupeleka mbele ya uso wa Profesa, karibu kabisa. Maumivu yakashuka nao, akauma meno. "Profesa, wewe umesoma asidi kuliko sisi wote. Hebu viangalie. Vinaweza kungoja mpaka kesho kutwa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Profesa anavitazama. Alivitazama, na ile sura ya msibani aliyokuja nayo ikamtoka, ikabaki sura ya mtu anayejua. Akaangalia viatu vyake.

"Ni vizuri kuwahi," alisema.

"Basi nawahi hospitali sasa hivi."

"Hapana shida! Hapana shida kabisa, hata gari langu lipo. Ila tukubaliane lugha." Akasogea mbele. "Ukifika, useme ulikuwa unazibua bomba la maji machafu, ukatumia ile dawa ya chupa inayouzwa dukani. Nayo ni asidi. Hatusemi uongo mkubwa. Asidi kwa asidi."

"Watanitibu asidi ya bomba."

"Matibabu yanakaribiana."

Mkemia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Mkewe akamgeukia.

"Yanakaribiana?"

Mkemia akainamia sinia, kana kwamba anahesabu vikombe.

"Asubuhi umeniambia hii si kama nyingine. Umeniambia inatafuta mfupa. Wewe ndiye Mkemia wa nyumba hii. Mtu akitibiwa ya bomba, anapona hii?"

Mama Cherehani alimpa muda. Alitaka sana ajibu. Angejibu neno moja tu, hata kwa kunong'ona, angemsamehe sabuni ya unga, angemsamehe glavu, angemsamehe na usiku ule aliokaa anamtazama akicheka na watoto.

Mkemia alimtazama Profesa. "Profesa anajua zaidi," alisema.

"Ahsante," alisema Profesa, kana kwamba amekaribishwa sukari. "Na kitu kidogo tu cha mwisho. Zile glavu. Ni mali ya kituo, si vizuri zikizagaa, watoto wanaweza kuzichezea. Zipo wapi?"

Mama Cherehani alijizuia asitazame mlango wa uani. Zilikuwa uani kwenye ndoo yenye mfuniko, jozi zote, na viraka vyake. Hakuna mtu angeweza kumwambia zile si kazi ya mkono wake. Aliamua kwamba ndoo ile haitatoka.

Lakini bibi alikuwa ameshainuka. Alipita katikati yao na fimbo yake, hamtazami mtu, akatoka uani. Walisikia mfuniko ukifunguliwa. Walisikia fimbo ikirudi, polepole, na kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Aliisukuma ndoo kwa ule mguu mbovu mpaka mbele ya viatu vya Profesa.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia mkwewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. "Nisamehe. Sitaki kutambaa tena."

Profesa akampa dereva ishara. Dereva akainua ndoo.

Mama Cherehani hakupiga kelele. Alimwangalia mama mkwe, na jambo lililomuuma ni kwamba hakuweza kumchukia. Kisha akatazama kapu la matunda, akamtazama mumewe na sinia lake. Akavuta kanga kwa mkono wa kushoto, akajitupia begani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mkemia.

"Hospitali."

"Gari lipo, shemeji, ngoja dereva..."

"Dereva ana mzigo wako."

"Ngoja basi nivae viatu," alisema Mkemia, akitafuta pa kuweka sinia. "Nakuja. Mama watoto, ngoja, twende wote."

"Ya nini? Uende ukanijibie tena?" Alikuwa tayari mlangoni. "Mmiminie mgeni wako chai."

&nbsp;

Kijana wa pikipiki wa pale kona alimkatalia nauli. "Mama Cherehani, suruali hii niliyovaa umeitia viraka wewe. Kaa." Alikaa kiupande, mkono juu, na mtaani watu wakadhani anawapungia, wengine wakampungia nao. Pikipiki iliruka shimo, mkono ukagonga bega la kijana, na kwa muda dunia yote ikawa nyeupe. Hidrofloriki, alijisemea. Hidrofloriki.

Zahanati ileile ya jana ilikuwa na foleni hadi nje. Aliipita. Mwanamke mmoja akamwambia, "We mama, sisi hapa ni mapambo?" Akamwonyesha mkono, mwanamke akasogeza miguu.

Daktari alikuwa yuleyule wa jana, msichana mdogo mwenye miwani, anakula andazi kwa siri nyuma ya kompyuta. "Mama wa sabuni! Umerudi? Dawa umemaliza?"

"Haikuwa sabuni, daktari. Ni asidi ya hidrofloriki. Ilikuwa ndani ya glavu, niliingiza mkono mtupu. Leo ni siku ya tatu."

Daktari alisimama, andazi likaanguka kwenye faili. Hakuliokota. Aliushika mkono ule kwa mikono miwili, akaugeuza, akabonyeza kucha, na Mama Cherehani akatoa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Una uhakika? Ya hidrofloriki?"

"Nina uhakika."

"Nesi!" Daktari alipayuka kuelekea korido. "Kimbia wodi ya wazazi, chukua kalsiamu ya sindano, zote zilizopo! Na mashine ya moyo!" Kisha akamkalisha mgonjwa, akaanza kumfunga mkanda wa presha, mikono yake ikifanya haraka kuliko maneno. "Nitachoma ndani ya vidole. Itauma. Hizi kucha inabidi nizitoe, na kidole hiki cha shahada, mama, ncha yake siwezi kukuahidi. Mfupa umeshaguswa."

Mama Cherehani aliitikia kwa kichwa. "Hiyo dawa," aliuliza, "inakaa wodi ya wazazi siku zote?"

"Siku zote. Huwa tunaitumia kwa kina mama wa kifafa cha mimba, wakizidiwa na dawa yao."

"Hata jana ilikuwepo?"

Daktari aliacha kufunga mkanda. "Hata jana ilikuwepo, mama. Ni hapo tu, ng'ambo ya korido. Ningejua..." Hakumalizia. Alivuta kiti. "Nani amekuambia ni asidi hiyo?"

"Mume wangu."

"Yule wa jana? Aliyesema sabuni?"

"Huyohuyo."

"Kwa nini basi..." Akajikaza, akavua miwani. "Sikiliza. Kitu hiki hakiuzwi dukani. Kimetoka mahali. Ukiniambia ni wapi, nalazimika kuripoti, si hiari yangu. Watakuja wakaguzi. Kuna watu watafukuzwa, pengine na kushitakiwa. Ukiniambia hujui, nitaandika hujui, na matibabu nitakupa yaleyale. Fikiria kwanza. Najua una familia."

Nesi aliingia mbio na trei ya vichupa vya kioo. Akilini Mama Cherehani alimwona mama mkwe, sakafuni, akitambaa kuelekea mlango wa choo. Alimwona waziwazi, hadi rangi ya kanga. Alijua kwamba jioni atarudi nyumba ileile, apite mlango uleule, na kwamba kuanzia mwezi ujao yeye ndiye atakayembeba bibi yule kwa mkono mmoja, na hakuna kati yao atakayemtazama mwenzake usoni.

Akauweka mkono juu ya meza, chini ya taa, akauachia.

"Andika kwanza," alisema, "ndipo uchome."

Akalitaja jina la kituo. Akalitaja la Profesa, lote, na cheo chake. Daktari aliandika. Na kalamu ilipotulia, bila kupunguza sauti, akalitaja la mumewe.